Gunia, ndoo, tairi au tuta la mviringo: mboga za mjini upande kwenye nini?

Vyombo vya kupandia mboga mjini havitafutwi mbali. Viroba vilivyoisha unga vipo kwa mama ntilie, ndoo za rangi zimerundikana kwenye nyumba inayojengwa, tairi zilizokwisha zimelala kwa fundi pancha, na vipande vya tofali hutolewa bure popote ukuta unapobomolewa. Kazi ni kuchagua. Video za mitandaoni hazisaidii sana, kwa kuwa huonyesha bustani siku ile imepakwa rangi na kumwagiliwa. Ni wachache wanaorudi na kamera baada ya miezi minane kuonyesha kilichobaki.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo watu wa Dar es Salaam wanazitumia kweli, na ambazo mwenzao wa Mombasa, Nairobi au Kigali atazitambua mara moja: gunia la kusimama, ndoo na madumu, tairi, na tuta la mviringo lenye kapu la mboji katikati. Zote hutumia vitu vilivyokwisha kutumika, na zote hutoa mboga. Zinatofautiana kwenye mambo ambayo mtu huyagundua akiwa tayari ameshabeba udongo hadi ghorofa ya tatu.

Vipimo vyenyewe

*Maji.* Naanza na hili kwa sababu bustani nyingi za mjini hufia hapa. Jiulize maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki, yakikatika unanunua dumu kwa shilingi ngapi, na jikoni mnamwaga kiasi gani cha maji ya kuoshea mchele na mboga. Kama una paa la bati, kumbuka kwamba milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 20 likinyeshewa milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya masika, hutoa hadi lita 400. Mengine yatamwagika njiani, lakini mwenye gata na pipa atabaki na akiba ya maana. Huyo anachagua chombo kwa uhuru. Anayenunua maji kwa dumu hana uhuru huo, achague chombo kinachoyatunza.

*Muda utakaokaa hapo.* Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita hana sababu ya kujenga ukuta wa tofali kwenye uwanja wa mwenye nyumba. Hata akipewa ruhusa, mwenye nyumba anaweza kesho akaamua kujenga vyumba viwili hapohapo.

*Nafasi na uzito.* Udongo ulioloa ni mzito kuliko unavyodhani: lita moja hukaribia kilo moja na nusu. Ndoo kumi za lita 20 zikijaa ni kilo 300 au karibu na hapo, na kibaraza cha ghorofa hakikujengwa kwa ajili ya shamba. Uzito uwe ukutani na kwenye nguzo, usiwe kwenye ukingo wa nje.

*Mazao.* Mchicha unaridhika na udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20. Sukuma wiki na spinachi hupenda zaidi ya hapo. Nyanya, bilinganya na nyanya chungu zinataka sentimita 30 na kuendelea, pamoja na saa sita za jua kwa siku. Mboga za majani huvumilia saa nne.

*Usalama wa chombo.* Kilibeba nini kabla ya kufika kwako, na kimetengenezwa kwa nini?

Udongo siuweki kwenye mizani kwa sababu njia zote nne zinauhitaji uleule, ila usiuchukue popote. Udongo wa kando ya barabara kubwa, wa uwanja uliokuwa gereji au mahali palipovunjwa betri huweza kubeba madini ya risasi, na risasi haiozi. Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni Tanzania na Kenya kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini iliyokwisha kutua ardhini ipo palepale. Vivyo hivyo udongo wa kingo za Mto Msimbazi, ambao hupokea majitaka ya viwandani na ya majumbani. Mchanganyiko unaofanya kazi ni sehemu tatu za udongo wa tifutifu, mbili za samadi iliyooza kabisa, na moja ya mchanga kama udongo wako unashikamana. Kwa ule udongo wa kichanga wa pwani, acha mchanga, ongeza mboji.

Gunia la kusimama

Njia hii ilipata umaarufu Kibera, Nairobi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités International lilianza mwaka 2008 kuwasaidia wakazi kupanda mboga kwenye magunia milangoni mwao, zaidi sukuma wiki na spinachi. Pale ambapo nyumba na nyumba zinatenganishwa na uchochoro wa kupita mtu mmoja, shamba la kusimama wima lilikuwa ndilo shamba pekee linalowezekana.

*Linavyotengenezwa.* Siri iko katikati. Chukua kopo la lita nne au tano, litoe kitako na mfuniko libaki bomba. Likalishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo mpaka ufike karibu na ukingo wake. Sasa livute juu taratibu: kokoto zinabaki zimesimama na udongo umezibana. Lijaze tena kokoto, ongeza udongo, vuta, mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayoshusha maji hadi chini. Ukiiruka, miche ya juu itaoza kwa maji na ya chini itakauka, na wengi wanaosema gunia halifai waliiruka. Ubavuni toboa matundu kwa zigizaga, kila moja sentimita 15 hadi 20 kutoka mwenzake, utumbukize miche kwa mshazari mizizi ikielekea chini.

*Maji.* Lina kiu. Ubavu mzima unapigwa na upepo na jua, kwa hiyo kiangazi cha Januari na Februari gunia kubwa litataka lita tano au zaidi kila siku. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa.

*Nafasi na uzito.* Linakaa kwenye nusu mita ya mraba na kubeba miche 30 hadi 40, hesabu ambayo hakuna njia nyingine hapa inayoikaribia. Lakini gunia la kilo 90 za mahindi likijazwa udongo na kumwagiliwa hupita kilo 150. Halisogezwi. Ukiliweka ukutani, ubavu wa nyuma usiupande kabisa kwa sababu hautaona jua.

*Mazao.* Majani: sukuma wiki, spinachi, mchicha, mnavu, vitunguu vya majani juu. Matembele yananing'inia vizuri kutoka kwenye matundu. Nyanya unaweza kuweka moja au mbili juu, si ubavuni.

*Usalama.* Kiroba cha salfeti kilichobeba unga, mchele au sukari hakina neno. Cha mbolea ya chumvichumvi, cha mbegu zilizopakwa dawa au cha dawa ya mifugo kiache.

*Kudumu na kuhama.* Hapa ndipo pabaya. Jua hula salfeti, na baada ya mwaka mmoja au miwili nyuzi zinaanza kumeguka. Livue kabla halijafika huko, la sivyo udongo wako utajaa nyuzi za plastiki zisizookoteka. Gunia la katani halina tatizo la plastiki lakini huoza mapema zaidi. Kuhama nalo ni kumwaga udongo na kuanza upya kwingine.

*Linamfaa nani.* Mwenye eneo dogo sana la chini, familia inayokula mboga za majani kila siku, na maji ya uhakika, hata kama ni ya kurudia.

Ndoo, madumu na makopo

*Zinavyotengenezwa.* Toboa, weka udongo, panda. Ila matundu yana ufundi wake. Wengi hutoboa kitakoni. Kwa mwenye uhaba wa maji ni bora kutoboa ubavuni, sentimita tatu au nne kutoka chini, na kutandika kokoto au vipande vya mkaa hadi usawa wa matundu. Pale chini hubaki akiba ndogo ambayo mizizi huinywa mchana. Dumu la mafuta la lita 20 lilaze, kata ubavu wa juu wote, na una kihori kizuri cha mchicha.

*Maji.* Ndiyo njia rahisi kuliko zote kudhibiti, kwa sababu kuta hazipitishi maji na unampa kila mmea kadiri yake. Kwenye jua kali ndoo ya nyanya itaomba maji kila siku, pengine mara mbili ikiwa na matunda. Chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kizibo kwa sindano na kuchomekwa kichwa chini hukuwezesha kusafiri wikiendi bila kumsumbua jirani.

*Nafasi na uzito.* Kila ndoo inajitegemea, kwa hiyo unaipanga kuufuata ukuta, ngazi au jua. Jua likihama Juni, nawe unahamisha. Walio ghorofani waweke sahani au beseni bovu chini ya kila ndoo: maji mekundu ya udongo yakidondokea nguo za jirani wa chini, mradi umekwisha.

*Mazao.* Hapa ndoo haina mpinzani kwa mimea ya matunda. Nyanya moja kwa ndoo ya lita 20, bilinganya moja, pilipili hoho mbili. Pilipili kichaa inaridhika na lita 10. Mchaichai na mrehani hustawi hata kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Giligilani inakubali, lakini kwenye joto la Dar hukimbilia maua mapema, basi panda kidogo kidogo kila wiki mbili na uiweke penye kivuli cha mchana. Kwa mboga ya familia nzima kila siku, hesabu inakuwa ngumu: itabidi uwe na ndoo nyingi.

*Usalama.* Angalia namba kwenye pembetatu iliyopo kitakoni. Namba 2 na 5 ndizo za kutafuta, na madumu mengi ya mafuta ya kula ni 2. Ndoo ya rangi ya maji inatumika ukishabandua mabaki yote na kuisugua. Ya rangi ya mafuta, thina, asidi ya betri au dawa ya kilimo haisuguliki ikatakata. Iache hata ukipewa bure.

*Kudumu na kuhama.* Ndoo nene hudumu miaka mitatu minne kwenye jua kabla haijaanza kupasuka mdomoni, na ikifika siku ya kuhama inapanda kirikuu pamoja na godoro. Nyeusi huchemsha mizizi pwani, zipake chokaa upande wa jua.

*Zinamfaa nani.* Mpangaji, mkazi wa ghorofani, anayeanza, na anayetaka viungo na nyanya zaidi ya mchicha.

Tairi

Nakiri kwamba hii ndiyo ninayoiangalia kwa jicho kali zaidi, ingawa ndiyo inayopendeza kuliko zote kwenye picha. Ina sifa zake, nitazitaja kwa haki.

*Linavyotengenezwa.* Tairi lisilokatwa ni chombo kibaya: mdomo mwembamba na shimo la ndani linalohifadhi maji. Lazima ukate ubavu mmoja wote. Tairi za nailoni, zisizo na waya kwenye mwili, hukatwa kwa kisu kikali kinacholoweshwa maji kila mara. Za waya zinapambana na msumeno na kuacha nyuzi za chuma zinazochoma vidole. Mpelekee fundi wa katambuga, au akala kama uko Kenya, atakukatia kwa dakika chache kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku. Ukitaka bakuli la kina zaidi, mwombe aligeuze ndani nje. Ni kazi ya watu wawili wenye nguvu.

*Maji.* Likikatwa vizuri na kukaa moja kwa moja juu ya ardhi, hutunza unyevu kuliko gunia. Mizizi hupenya hadi chini, na maji ya ziada yanazama yenyewe.

*Nafasi na uzito.* Tairi la gari dogo huchukua duara la sentimita 60 na kubeba kilo 60 hadi 80 za udongo. La lori linafika kilo 300. Chini tu, kibarazani hapana.

*Mazao.* Kina cha tairi moja la gari dogo hakizidi sentimita 20, kwa hiyo ni mchicha, vitunguu vya majani na matembele. Ukipandisha mawili unapata mahali pa papai au mchaichai mkubwa. Kwa Arusha, Njombe au Limuru, ule weusi wake ni faida kwani hupasha udongo moto asubuhi za baridi. Dar na Mombasa ni kinyume chake, hivyo lipake chokaa au ulizungushie kivuli.

*Usalama.* Mambo mawili. La kwanza ni mbu. *Aedes*, yule anayeng'ata mchana na kueneza homa ya dengue, hutaga kwenye maji machache yaliyotulia, na tairi ni mojawapo ya makazi anayoyapenda. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo hili si jambo la vitabuni. Toboa ule ubavu wa chini mahali pengi, jaza udongo hadi kwenye pembe za ndani, na tairi la akiba usiliache wazi nyuma ya nyumba ukisubiri wikiendi. La pili ni kemikali. Mpira wa tairi una zinki na viambato vya kiwandani ambavyo hutoka taratibu unapochakaa. Wataalamu hawajakubaliana ni kiasi gani kinafika kwenye jani unalokula. Tairi zima, lisiloanza kumeguka, lina hatari ndogo kuliko lililopasukapasuka, lakini mimi kwenye nyumba yenye watoto wadogo ningelipandia maua na mchaichai, mboga ya kila siku ningeipa chombo kingine. Mwingine ataamua vingine kwa haki yake.

*Kudumu na kuhama.* Linadumu miaka mingi mno, na hilo ni jema mpaka siku hulitaki tena. Kulichoma moto ni sumu ya wazi kwa mtaa mzima, na hata jalala si mahali pake.

*Linamfaa nani.* Mwenye uwanja wake wa chini, anayetaka pembe za maua na viungo zisizovunjwa na mpira wa watoto, au anayeishi penye baridi.

Tuta la mviringo lenye kapu katikati

Muundo huu ulienea Lesotho kuanzia miaka ya 1990, kwa ajili ya kaya zilizoelemewa na UKIMWI: mgonjwa asiyeweza kuinama wala kulima aweze kuvuna akiwa amesimama. Wanyarwanda wana ndugu yake, *akarima k'igikoni*, bustani ya jikoni iliyohimizwa kwa kila kaya.

*Linavyotengenezwa.* Chora duara la mita mbili. Upande mmoja acha mlango wa pembetatu, kama kipande kilichokatwa kwenye keki, unaokuwezesha kufika katikati bila kukanyaga udongo. Katikati simika vijiti vinne vitano, uvizungushie wavu au fito kupata kapu la upana wa sentimita 30 hadi 40. Pembeni pandisha ukuta kwa kifusi: vipande vya tofali, mawe, hata chupa za bia zilizojazwa mchanga na kulazwa. Ukitumia mbao za paleti, tafuta muhuri wa HT, maana yake zilitibiwa kwa joto. Zenye MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu. Mbao za zamani zenye rangi usizitumie, rangi za kale zilikuwa na risasi.

Tuta la kina cha sentimita 60 linameza karibu mita mbili za ujazo, na kununua udongo wa kiasi hicho ni hela nyingi. Chini weka kokoto na makopo yaliyopondwa, juu yake magogo ya migomba, maboksi yaliyoloweshwa na majani makavu, halafu udongo mzuri sentimita 30 za juu. Vya chini vitaoza na tuta litashuka, ongeza udongo baada ya masika. Tuta liinamie nje kutoka kwenye kapu.

*Maji.* Hapa ndipo linapowashinda wenzake. Maganda ya ndizi, majani ya chai na mabaki ya mboga yanaingia kapuni kila siku, na maji ya vyombo yanamwagwa humohumo. Yakipita kwenye mboji yanasambaa chini kwa chini, jua haliyaoni. Nyama, mifupa na mafuta visiingie, vinaita panya. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yapokezane na maji safi, vinginevyo chumvi hujikusanya na majani yanaungua kingo.

*Nafasi na uzito.* Mita mbili za duara na nafasi ya kuzunguka. Wengi mjini hawana, na hapo mjadala unaishia.

*Mazao.* Karibu kila kitu: mizizi kama karoti, majani, bilinganya, bamia pembeni, nyanya upande usiomnyima mwenzake jua. Usipande mlonge humo. Mizizi yake itabomoa ukuta.

*Usalama.* Kifusi cha nyumba iliyoezekwa kwa vigae vya asbesto kiepuke kabisa. Vinginevyo ni chombo salama.

*Kudumu na kuhama.* Ukuta wa tofali hudumu miaka, kapu hubadilishwa. Kuhama nalo haiwezekani.

*Linamfaa nani.* Mwenye nyumba yake, shule, zahanati, msikiti au kanisa lenye uwanja, na nyumba yenye bibi au babu anayependa bustani ila mgongo umekataa.

Na zile chupa za ukutani?

Watu huuliza, kwa hiyo nijibu kwa ufupi. Chupa ya lita moja na nusu iliyolazwa na kuning'inizwa ina udongo wa viganja vichache. Saa sita mchana imeshakauka, na plastiki yake hukatika kwa jua ndani ya miezi. Ni nzuri kwa kuotesha miche, sawa na pakiti za maziwa, na kwa kumfundisha mtoto. Mboga ya sufuria haitatoka humo.

Kwa hali yako

Umepanga ghorofani, kibaraza kinapata jua la asubuhi tu: ndoo nne au tano na dumu moja la kulaza. Mchicha, vitunguu vya majani, pilipili kichaa moja, mrehani. Nyanya usijisumbue nayo, jua halitoshi. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu uzito ukitaka kuzidisha.

Umepanga chini, uwanja wa pamoja na wapangaji wengine, kuku wa jirani wanazurura: gunia moja mlangoni pako, matundu yaanze sentimita 40 kutoka chini ili kuku wasiyafikie kirahisi, na ndoo mbili za nyanya zikizungushiwa wavu. Mkubaliane mapema nani anachuma. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini, ya juu manne matano yakiachwa. Asiyejua atakwangua mche wote kwa nia njema.

Maji yanakuja mara moja kwa wiki na dumu ni ghali: ukiwa na uwanja na makazi ya kudumu, tuta la mviringo ndilo linaloyatumia vizuri maji machafu ya jikoni. Ukiwa mpangaji, ndoo zenye akiba ya chini. Gunia liahirishe mpaka vuli ianze, Oktoba hivi.

Una nyumba yako na uwanja wa kutosha, lakini kazini unatoka alfajiri na kurudi usiku: anza na tuta moja, kwa kuwa ndilo linalosamehe siku ukisahau. Changanya na tairi mbili za mchaichai na maua getini kama zinakufurahisha. Kazi kubwa ni siku mbili za kujenga, baada ya hapo ni kumwaga ndoo ya jikoni kapuni.

Una watoto wadogo wanaotaka kuona kitu kikiota: mchicha kwenye dumu, unaanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Kipimo cha uvumilivu wa mtoto hakizidi hapo.

Unataka kuuza kidogo mtaani: magunia matatu au zaidi, yaliyopandwa kwa kupishana wiki mbili ili usiwe na mafungu ishirini leo na sifuri wiki ijayo. Hapo maji ya uhakika si ombi tena, ni sharti. Pima mwezi mmoja kwa gunia moja kwanza, uone linakunywa madumu mangapi, halafu linganisha na bei ya fungu sokoni kwenu.